Bendi Zetu Zataka Vyombo Vyao

Yako maneno mawili yasemwayo juu ya muziki wa vijana wetu, nasi twaona yafaa yote mawili yajibiwe. La kwanza husemwa na baadhi ya wazee: kwamba kijana wa Kitanzania ashikaye fidla au gitaa la umeme, kisha akalichanganya na ngoma ya babu yake, huharibu vitu viwili kwa mara moja. La pili husemwa na wenye fedha: kwamba bendi isiyo na tajiri wala shirika nyuma yake ni kundi la wahuni, na haina budi kumtafuta mlezi au kufa. Tutayajibu maneno hayo moja moja, nasi twaanzia mahali ambapo huenda msomaji hakutazamia, yaani Dakawa.

Msafiri atokaye Morogoro mjini kushika njia ya Dodoma hufika Dakawa baada ya mwendo wa kiasi cha kilometa 50, karibu na mto Wami, penye mashamba makubwa ya mpunga. Wengi wetu twapakumbuka kwa msiba wa tarehe 12 Aprili 1984, siku alipofariki ndugu Edward Sokoine katika ajali ya gari. Lakini mahali hapo pana kumbukumbu nyingine pia. Mwaka 1982 ndugu zetu wa ANC, waliofukuzwa kwao na makaburu, walianza kujenga makazi Dakawa, baada ya kwanza kupewa ardhi Mazimbu na kuanzisha huko shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, yule kijana aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Wakajenga nyumba na karakana, wakalea watoto, na mwaka 1992, uhuru wao ulipokaribia, wakayakabidhi majengo yote kwa serikali yetu wakarudi kwao.

Watu wale walikuja na nyimbo nyingi. Na katika hizo ulikuwamo mmoja ambao wenyeji hawakuhitaji kufundishwa. Sauti ilikuwa ile ile. Wimbo uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, ulikuwa wimbo wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, nao tangu mwaka 1961 ulikuwa, kwa maneno ya Kiswahili, wimbo wetu wa Taifa. Mkimbizi na mwenyeji waliweza kusimama pamoja, kila mmoja akaimba kwa lugha yake, na wasigongane.

Sasa na tuutazame wimbo huo vizuri. Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni, tukapangwa kandokando ya kinanda kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, twaijua mara moja njia ile ya kupanga sauti. Ilitoka katika vitabu vya nyimbo za makanisa ya Ulaya. Mwalimu Sontonga aliichukua, akaitia lugha ya watu wake na maombi ya bara lake, ikawa kitu kingine kabisa. Je, yuko Mtanzania asemaye leo kwamba Mungu Ibariki Afrika si wetu kwa sababu mpango wa sauti zake ulivuka bahari? Hayuko. Basi kama wimbo tuusimamiao wima ni mchanganyiko, kwa nini kijana anayechanganya fidla na ngoma aambiwe kwamba amepotea?

Mji wa Morogoro wenyewe ni shahidi wa pili. Reli ilifika hapo mwaka 1907. Kando yake yakaenea mashamba ya katani, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi. Mluguru aliyeshuka mlimani na ndizi zake alikutana sokoni na Mkaguru, Mzaramo, Mnyamwezi na mtu wa pwani. Katika mji wa namna hiyo ndipo ilipozaliwa Morogoro Jazz mwaka 1944, na miaka minne baadaye Salum Abdallah, kijana wa miaka 20, akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Jina lenyewe lasema wazi jambo lake: sahani za santuri kutoka Cuba zilikuwa zikisikilizwa Afrika Mashariki yote, naye hakuona haya kukiri alikojifunza. Lakini aliimba kwa Kiswahili, juu ya mapenzi, juu ya mji na juu ya nchi, hata watu wakasahau kwamba mdundo ule ulikuwa mgeni.

Baadaye akaja Mbaraka Mwinshehe katika Morogoro Jazz. Gitaa lake la umeme halikutengenezwa Uluguru. Hata hivyo, mwaka 1970, Tanzania ilipotaka kuonyesha sura yake katika maonyesho makubwa ya dunia huko Osaka, Japani, bendi hiyo ya Morogoro ilipelekwa, na hakuna aliyesema kwamba tumewapelekea Wajapani muziki wa watu wengine.

Pwani habari ni hiyo hiyo. Sultani Barghash, katika karne ya 19, alimtuma mtu Misri akajifunze kanuni. Chama cha Ikhwani Safaa kikaundwa Unguja mwaka 1905. Naye Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa maskini shamba, akautoa muziki ule katika Kiarabu cha majumba ya wakubwa akautia katika Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani. Huko Tanga, katika miaka ya 1960, Black Star wakaongeza magitaa ya umeme juu ya taarabu. Na katika siku zetu hizi vijana waliofunzwa katika chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, wameunda bendi za kujitegemea. Mojawapo ni Siti and the Band, iliyotoa sahani mwaka 2018, ambayo huweka udi, kanuni na fidla pamoja na besi na ngoma za kisasa, na juu yake sauti za taarabu ya kale. Asikiaye kwa haki hatasema kwamba hao wameacha kwao. Wamekwenda kwao kwa gari jipya.

Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili mapema. Mwezi Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba tulikuwa tumezijua ngoma za Ulaya na Amerika kuliko gombesugu na lelemama. Watu hulikumbuka sana neno hilo, lakini hulisahau la pili alilolisema siku ile ile: kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu, ila kujifunza kusiwe ndiyo kuacha chake. Wahenga walikwisha kutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema kwamba msala ule upitao usitazamwe.

Basi neno la wazee tumelijibu. Twageukia neno la wenye fedha, nalo ndilo zito zaidi.

Wafanyakazi wanajua kwamba mwenye jembe ndiye mwenye shamba. Katika bendi ni hivyo hivyo: mwenye magitaa, vipaza sauti na seti ya ngoma ndiye aamuaye wapi papigwe, nani alipwe, na mara nyingi nini kiimbwe. Mwanamuziki asiye na chombo ni kibarua wa usiku. Akitofautiana na mwenye vyombo, hutoka na shati lake tu.

Nchi yetu ilijaribu kulitengeneza jambo hilo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz; yakafuata mabendi ya majeshi, ya vijana na ya mashirika ya umma. Hatulaumu. Wanamuziki walipata mshahara kama wafanyakazi wengine, walipata vyombo ambavyo wasingeweza kuvinunua, na NUTA Jazz, iliyobadili jina mara kadhaa hata ikaitwa Msondo Ngoma, imewafurahisha wafanyakazi kwa zaidi ya nusu karne. Huo ni ushindi wa mchango wa wanachama.

Lakini ukweli lazima usemwe, hata ukitugusa sisi wenyewe. Bendi isiyo na vyombo vyake huimba atakacho mwenye vyombo, awe ni mwenye baa, awe ni shirika, awe ni Chama. Tumezoea kuwaita wanamuziki wakati wa mikutano na kampeni, tukawasifu walipotusifu, kisha tukawasahau mpaka mkutano mwingine. Wimbo wa sifa ulioagizwa hauna faida kubwa kwa anayesifiwa, kwa sababu wananchi wanajua kwamba umeagizwa. Wimbo wa mtu huru akisema kwamba maji ya mfereji hayafiki shambani kwake, au kwamba bei ya mpunga wake imeanguka, una faida kwetu kuliko nyimbo 10 za sifa. Maana huo watuambia tusiloandikiwa katika ripoti.

Na uhuru bila chombo una gharama yake. Mbaraka Mwinshehe alipotoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, bendi aliyoiongoza mwenyewe, jina lake lilivuma zaidi ya mwanzo. Lakini nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani, na soko kubwa la sahani lilikuwa Kenya. Huko Kenya ndiko alikofia katika ajali ya gari tarehe 12 Januari 1979, kabla hajatimiza miaka 35. Salum Abdallah naye alikufa kwa ajali ya gari, mwaka 1965, hajafika 40. Bendi ya Super Volcano haikudumu sana baada ya kiongozi wake. Nyimbo za watu hao wawili hata leo zapigwa redioni na katika sherehe, na kampuni ya Ujerumani imetoa mkusanyo wa nyimbo za Salum Abdallah kwa wasikilizaji wa nchi za nje. Hatusemi kwamba mtu fulani ametenda kosa. Twauliza tu: ni wanamuziki wangapi wa mji ule waliowaachia watoto wao kitu chenye maandishi, kisemacho kwamba kazi hii ni ya baba yenu?

Sheria ipo. Tangu mwaka 1999 tunayo sheria ya hakimiliki, na COSOTA ipo kwa ajili ya kuisimamia. Lakini sheria isiyojulikana Dakawa ni kama taa iwakayo nyumba ya jirani. Kijana apigaye kwenye harusi Jumamosi hajui kwamba wimbo alioutunga una mwenyewe, wala hajui aende wapi kuuandikisha.

Wala msaada wa wageni si dawa ya kutegemewa. Mwaka 2019 chuo kile cha Unguja tulichokitaja kilikaribia kufungwa milango kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Hilo litufunze. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na chombo cha kuazima hudaiwa siku ile ile unapokihitaji.

Basi twapendekeza nini? Kwanza, vijana wa Dakawa na vijiji vya jirani, na wale wa Morogoro mjini, waunde vyama vya ushirika vya vyombo. Wakulima wa mpunga walikwisha kujifunza kwamba pampu na mfereji wa peke yako ni ndoto, bali wa wengi ni mali. Gitaa, fidla na vipaza sauti vyaweza kununuliwa kwa njia hiyo hiyo, kila mwanachama akatoa hisa yake, na chombo kikawa cha chama, si cha mtu mmoja wa kukiondoa akikasirika. Halmashauri zitoazo mikopo kwa vikundi vya vijana na zikihesabu chombo cha muziki kuwa ni chombo cha kazi, sawasawa na cherehani.

Pili, shule zetu zifundishe kusoma nota, na siku hiyo hiyo zimwalike mzee wa kijiji ajuaye ngoma na nyimbo za ukoo aje afundishe, naye alipwe. Mtoto ajuaye nota tu atakuwa mwigaji. Ajuaye ngoma tu atafungiwa milango mingi. Ajuaye vyote viwili ndiye tumtakaye.

Tatu, maafisa utamaduni watoke ofisini wakawaandikishe watunzi huko huko waliko. Nne, na hili latuhusu sisi wanachama: tukiialika bendi katika mkutano wetu, tuilipe bei iliyopatana, kwa wakati, wala tusiiambie iimbe nini.

Huenda mtu akasema, nchi ina haja ya zahanati na barabara, nanyi mwaandika juu ya fidla. Ndugu zetu wale wa Dakawa walikuwa na haja kubwa kuliko sisi. Hawakuwa hata na nchi. Walijenga nyumba kwa mikono yao, wakazika wenzao mbali na kwao, na jioni waliimba; wala hawakumwomba mtu ruhusa juu ya maneno ya wimbo. Waliporudi makwao mwaka 1992 hawakurudi kama watu waliosahau jina lao.

Nasi tulio katika nchi yetu wenyewe tusikubali kuwa na vijana wenye sauti wasio na vyombo. Na wapewe nafasi ya kuvinunua, wavimiliki, kisha waimbe. Ikiwa baadhi ya nyimbo zao zitatuuma, tutakuwa tumejua mahali panapouma.