Fabian Holland: Tumsifu kwa Lipi?

Muhula huu katika mabweni yetu hapana mchezaji wa raga aliyebishaniwa kama Fabian Holland, loki mpya wa New Zealand. Wako wasemao kwamba hajapatikana mwingine kama yeye, na wako wasemao kwamba amesifiwa mno kwa ajili ya urefu wake na hadithi ya maisha yake. Bingwa mmoja wa ubishi katika Kidato cha Pili amekwisha andika methali ubaoni kwa chaki: Mkataa kwao mtumwa. Mimi nachezea timu ya pili ya shule katika nafasi hiyo hiyo ya Holland, nambari 5, nami naomba ruhusa ya wasomaji niseme nionavyo.

Kwanza yafaa niwaeleze kazi ya loki wazazi wetu, ambao huja Siku ya Wazazi wakatuona tumelaliana matopeni wasijue tunatafuta nini. Timu ya raga ina watu 15, na 8 kati yao ni wa mbele. Katika skramu watu watatu hushikana mstari wa kwanza, na nyuma yao huinama maloki wawili. Hao hutia vichwa vyao katikati ya huka na mapropu, wakasukuma kwa mabega na kwa miguu. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na katika skramu nyenzo ni hao wawili. Mpira ukitoka pembeni ya uwanja, mara nyingi wao ndio wanaoinuliwa juu na wenzao ili waudake. Tena kila mara mwenzao akiangushwa na mpira, sharti wafike upesi wawasukume wapinzani wanaotaka kumnyang'anya. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo kubwa, na ndiyo isiyoandikwa gazetini. Winga akifunga trai hubebwa mabegani. Loki aliyemfungulia njia wakati huo yuko nyuma anatafuta kiatu chake.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Holland alizaliwa mwezi wa Oktoba 2002 katika mji wa Alkmaar, Uholanzi, nchi ya kandanda na ya kuteleza juu ya barafu, ambako raga huchezwa na watu wachache. Alipokuwa na miaka 16, yaani mdogo kuliko mimi leo, aliwaacha wazazi wake akaenda New Zealand, upande wa pili wa dunia, akaingia shule ya wavulana iitwayo Christchurch Boys' High School. Sisi tuliolia juma la kwanza la Kidato cha Kwanza, na nyumbani si mbali kwa basi, twaweza kufikiri jambo hilo lilikuwaje. Baadaye alihamia Dunedin, akachezea jimbo la Otago na timu ya Highlanders. Tarehe 5 Julai 2025, katika mji huo huo wa Dunedin, alivaa jezi nyeusi kwa mara ya kwanza, New Zealand ikaifunga Ufaransa 31 kwa 27. Hapana mzaliwa wa Uholanzi aliyepata kuichezea timu hiyo kabla yake.

Basi, je, ameikataa nchi yake? Wanaosema hivyo yawapasa waifahamu sheria. Zamani mgeni alikaa miaka 3 katika nchi akaruhusiwa kuichezea, na ikawa baadhi ya mataifa makubwa yanaokota vijana wa watu kama maembe yaliyoanguka. Mwaka 2017 wakuu wa raga duniani walikata shauri iwe miaka 5. Holland aliingojea miaka hiyo, kwanza akiwa mwanafunzi, kisha akiwa kijana asiyejua kama ataitwa au hataitwa. Mtumwa hangojei hivyo kwa hiari yake. Na methali nyingine yasema mcheza kwao hutunzwa, lakini Uholanzi haijapata hata mara moja kwenda katika Kombe la Dunia la raga la wanaume. Kijana mwenye kipawa kama chake angetunzwa na nani huko?

Walakini sitaki kuficha upande wa pili, maana unatugusa sisi wenyewe. Kenya nayo haijafika katika Kombe hilo, na mwaka 2025 ilikuwa Zimbabwe iliyoichukua nafasi ya Afrika mjini Kampala. Nchi ndogo katika mchezo huu zitakuaje ikiwa kila kijana mrefu mwenye mikono mizuri anakwenda kukua kwingine? Swali hili ni gumu, na wale wa bweni la jirani wanaolijibu kwa kupiga kelele hawalijibu. Nionavyo mimi, Holland hana kosa. Shida ni ya wenye mamlaka wanaowapa wakubwa michezo mingi na wadogo michache. Jambo jema ni kwamba tangu mwaka 2022 mchezaji akikaa miaka 3 bila kuchezea taifa lake, aruhusiwa kuhama mara moja kwenda nchi aliyozaliwa yeye, au wazazi wake, au babu na bibi zake. Kwa hiyo mlango wa Uholanzi haukufungwa kabisa nyuma ya Holland. Hata hivyo, mkoba wa kusafiria kwenda New Zealand ukiletwa hapa shuleni leo usiku, sidhani yule bingwa wa Kidato cha Pili atauacha mlangoni.

Na uchezaji wake je? Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaomsifu kwa vipimo. Ni kweli ana urefu wa mita 2 na sentimita 4, lakini warefu ni wengi. Ninayopenda kwake mimi ni namna anavyoinuka. Mtazameni siku moja yeye peke yake, msiutazame mpira. Humwangusha mtu, huinuka, huingia mstarini tena, humwangusha mwingine, na dakika ya 70 bado mwendo wake ni ule ule. Tena huinama sana anapokwenda kusukuma, jambo lililo gumu kwa mtu wa kimo chake. Wengi wa urefu huo hufika wima kama mlingoti, wakasukumwa nyuma. Ikumbukwe pia kwamba Highlanders walimaliza wa mwisho katika ligi yao mwaka 2025. Kuonekana katika timu inayofungwa kila juma si kazi nyepesi.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ufaransa waliyoifunga mwezi ule wa Julai iliwaacha wachezaji wake wengi mashuhuri nyumbani, na Antoine Dupont alikuwa ameumia goti. Mwaka ule ule New Zealand ilifungwa na Argentina mjini Buenos Aires, ikafungwa na Afrika Kusini mjini Wellington 43 kwa 10, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia yake, tena mwezi wa Novemba ikafungwa na Uingereza 33 kwa 19. Sisemi Holland ndiye aliyeleta hayo. Nasema tu kwamba timu yake haijawa tena ile ya kutisha. Alipewa tuzo ya mchezaji mpya bora wa dunia wa mwaka 2025, na aliistahili, lakini tuzo ya mchezaji mpya ni ya mwanzo. Waliomtangulia katika nafasi hiyo, Sam Whitelock na Brodie Retallick, walistaafu timu ya taifa baada ya kushindwa kwa pointi moja katika fainali ya 2023. Whitelock alikuwa amecheza michezo 153 ya kimataifa, na Retallick 109. Tukitaka kumlinganisha Holland nao, tungoje afike walau 50.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya jambo la hapa kwetu. Katika shule nyingi, na yetu haikuachwa nje, mvulana yeyote anayegonga kichwa mlangoni hupelekwa mstari wa pili wa skramu, na mfupi mwenye bidii huambiwa akaokote mipira. Hivyo tumepata maloki wanaosimama vizuri katika picha. Namwomba mwalimu wetu wa michezo kwa heshima, majaribio ya muhula ujao yatakapofika, aweke mtu mmoja pembeni mwenye daftari na kalamu, ahesabu kila mmoja ameinuka mara ngapi baada ya kuanguka katika nusu saa ya mwisho, kisha orodha hiyo ibandikwe nje ya bwalo tuisome sote kabla timu haijatangazwa.