Mwanao akitaka kusomea swala, usimcheke

Jumamosi iliyopita nilikuwa Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, nikingoja kupimiwa nyama. Mbele yangu walisimama mama mmoja na bintiye wa shule ya sekondari. Msichana alikuwa akimweleza mamake kwamba angependa kusomea wanyama wa porini.

"Hao swala ndio watakaowalipia ndugu zako karo?" mama akauliza. Mwenye bucha akaangua kicheko. Nilinyamaza, lakini swali hilo nilirudi nalo nyumbani.

Ningalimsimulia habari za Dkt Abdullahi Hussein Ali, mwenyeji wa Garissa. Yeye ni mtafiti wa hirola, swala wa jamii ya kongoni mwenye rangi ya mchanga na alama nyeupe usoni mfano wa miwani. Hirola huishi katika nyika kame za mpaka wa Kenya na Somalia, na wengine walihamishiwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na 1996. Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa karibu 14,000. Leo hawafiki 500. Akitoweka, hana ndugu wa karibu wa kushika nafasi yake.

Miaka ya 1980 sotoka iliua ng'ombe na hirola pia. Lakini mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umetokomezwa duniani. Mbona basi hirola hawaongezeki?

Dkt Ali, aliyesomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, aliwavisha hirola mikanda ya shingoni inayoonyesha wanakopita. Yeye na wenzake wakalinganisha pia picha za setilaiti. Jibu lao lilichapishwa mwaka 2017: kati ya 1985 na 2012, miti katika makazi ya hirola iliongezeka zaidi ya mara tatu. Ndovu waliokuwa wakiiangusha walikuwa wametoweka, na mifugo ilikuwa imelisha nyasi kupita kiasi. Hirola ni mla nyasi. Vichakani atakula nini?

Na ng'ombe je? Naye anataka nyasi hizo hizo. Wafugaji walipoulizwa, waliunga mkono kurejesha malisho, lakini kupunguza mifugo walikataa. Hapo ndipo mtoto wa nyumbani anapofaa, kwani anajua pa kuanzia mazungumzo. Shirika alilolianzisha, Hirola Conservation Programme, hushirikiana na wenyeji kupanda nyasi upya. Mwaka 2020 alitunukiwa Tuzo ya Whitley ya Uingereza.

Mama, kazi hizi ni chache, wala sitakudanganya kwamba zina utajiri. Lakini huenda nyama uliyonunua Burma ilitoka kwa ng'ombe wa Garissa. Nyasi zikiisha huko, sufuria yako itapata habari. Basi mwache binti akazane na bayolojia na hesabu, na akuulize lugha ya nyanyake.