UFUNDI NYUMBANI: Saa iliyokatika kamani

Saa ya mkono ya kutia ufunguo haina betri. Haihitaji kuchajiwa kama simu. Kwa sababu hiyo wapo wazee wa Karatu na Ngorongoro wanaoivaa hadi leo. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola huitazama ajue kama zamu yake ya maji imefika. Mama mwenye mgonjwa huitazama ili ampe dawa kila baada ya saa 8. Saa hiyo ikisimama, dawa huchelewa na zamu ya maji huleta ugomvi.

Wengi huitupa sandukuni wakidhani imekufa. Pengine kilichokatika ni kamani tu. Leo tutajifunza namna ya kuibadili.

KAMANI NI NINI?

Kamani ni utepe mwembamba wa chuma. Umezungushwa ndani ya kikopo kidogo chenye meno. Ukiunyoosha, unaweza kufika sentimeta 30, yaani urefu wa rula ya shule. Unene wake ni kama milimeta 0.1 tu.

Unapotia ufunguo, kamani hujikaza kama uta unaovutwa. Halafu hujifungua polepole na kuzungusha magurudumu. Kamani iliyojaa huweza kuendesha saa kwa muda wa saa 36 au zaidi.

KWA NINI HUKATIKA?

Watu husema, "Umeijaza mno." Mara nyingi sivyo. Kamani huchoka kwa miaka mingi ya kujikaza na kujifungua. Tena kamani za zamani hushika kutu. Kifuniko kikilegea, unyevu huingia. Wanaoishi juu, kwenye ukungu na baridi ya Ngorongoro, waangalie sana jambo hili. Kutu hula utepe mahali padogo, na hapo ndipo hukatika.

UTAJUAJE?

Zungusha kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo.

Kikizunguka tu bila kukaza, na saa haiendi, huenda kamani imekatika.

Kikikaza lakini saa haiendi, kamani ni nzima. Pengine kuna uchafu ndani. Mpelekee fundi.

Usijaribu kazi hii kwa saa inayojijaza yenyewe mkono unapotikisika. Kifundo cha saa hiyo hakifiki mwisho hata ikiwa nzima. Saa ya betri nayo haina kamani.

VIFAA

Tafuta bisibisi ndogo za saa, kibano chembamba, kioo cha kukuzia, kitambaa cheupe, sahani nyeupe na mafuta ya saa. Usitumie mafuta ya kupikia. Yataganda na kuisimamisha saa.

Usinunue kamani mpya kabla ya kuitoa ile mbovu. Lazima zilingane kwa upana, unene, urefu na ndoano ya mwisho.

HATUA ZA KAZI

1. Funga mlango na madirisha. Vumbi jekundu la Karatu ni adui mkubwa wa saa. Tandika kitambaa. Waondoe watoto. Vaa miwani ikiwa unayo.

2. Fungua kifuniko cha nyuma. Usiguse upande wa uso. Katika saa za kale, rangi inayong'aa gizani inaweza kuwa na radiamu, ambayo ni sumu. Usiikwangue kamwe.

3. Toa nguvu iliyobaki. Hatua hii ni kubwa kuliko zote. Hata kamani iliyokatika inaweza kuwa na nguvu. Shika kifundo kwa vidole viwili. Kwa ncha ya kijiti, sukuma kizuizi kidogo kilicho kando ya gurudumu la juu ya kikopo. Acha kifundo kirudi polepole kati ya vidole vyako. Usikiachie ghafla. Nguvu ikitoka kwa mkupuo huvunja meno.

4. Tazama daraja, yaani bamba linaloshika kikopo. Kama bamba hilo hilo linashika magurudumu yote, funika saa umpelekee fundi. Kama kikopo kina bamba lake, endelea. Toa gurudumu lililo juu ya kikopo, halafu toa skrubu za bamba. Zipange sahanini kwa utaratibu uliozitoa.

5. Inua bamba, toa kikopo. Kiweke ndani ya mfuko wa plastiki mweupe unaoonyesha, na ukifungue humo humo. Kamani inaweza kuruka na kupiga jicho. Itoe taratibu, ukianzia katikati.

6. Ifunge kamani mbovu katika karatasi pamoja na vipande vyake. Andika namba iliyochorwa kwenye mashine ya saa. Peleka vyote kwa fundi saa, Karatu mjini au Arusha. Omba kamani mpya iliyokwisha kuviringwa ndani ya pete. Ile isiyoviringwa huhitaji chombo maalumu. Ukiiviringa kwa vidole itapinda.

7. Futa kikopo kikauke. Tia tone dogo la mafuta ya saa. Linganisha mzunguko: kamani mpya izunguke upande ule ule wa ile ya zamani. Iweke pete juu ya kikopo, kisha sukuma kamani iingie. Rudisha mhimili wa katikati na kifuniko cha kikopo.

8. Rudisha kila kitu kwa kufuata sahani yako kinyumenyume. Usikaze skrubu kwa nguvu. Tia ufunguo mara chache tu. Saa ikianza kulia, funga kifuniko cha nyuma kikaze.

MWISHO

Ndugu msomaji, kazi hii inataka subira. Anza kujifunza kwa saa mbovu isiyo na thamani. Saa uliyoachiwa na marehemu mzee wako usiifanye ya kwanza.

Ikiisha kupona, itie ufunguo mara moja kwa siku, saa ile ile, kwa mfano saa 12 asubuhi kabla ya kukamua. Ukisikia imekaza, acha. Usiende nayo mtoni kuoga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunatoa nguvu kabla ya kufungua kikopo?

2. Kifundo kikikaza na saa haiendi, je, kamani imekatika?

3. Katika kijiji chenu, ni kazi zipi huharibika watu wasipojua saa?