Uoga wa Mbwa na Upofu wa Wahakiki

Wapo wahakiki wanaoibeza katuni ya John R. Dilworth, Courage the Cowardly Dog (1999–2002), kwa hoja kwamba hurudia kisa kilekile: zimwi huja, wazee Muriel na Eustace hawatambui hatari, mbwa mwoga huwaokoa. Hoja hii ni dhaifu. Ikiwa urudiaji ni kasoro, basi na ngano zetu za mazimwi zitupwe. Mwaka wa 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi. Mrithi wa dai hilo hawezi kumsikiliza bibi akitamba ngano kijijini, kisha akaziba masikio mbele ya runinga ya Kangemi au Westlands.

Methali hunena: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwoga wa methali hupona kwa kukimbia. Courage hutetemeka, hupiga mayowe, lakini humrudia Muriel. Katuni, basi, inajadiliana na methali: kicheko ni cha mwoga asiyewatoroka wenziwe. Mhakiki asiyeusikia mjadala huo ni Eustace mwenyewe: zimwi li mlangoni, naye amezama gazetini.