Kabla ya kuomba masta ya mtandaoni, soma jina lako



Una digrii yako ya uhandisi na imekaa kwenye bahasha mwaka wa pili sasa. Kazi unazopata ni za mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kwenda kukodi chumba Nairobi ili usome uzamili, huna uwezo huo. Halafu ukasikia kuna masta za uhandisi za mtandaoni, unasoma ukiwa hapa hapa Isiolo, bora una laptopu na bando.

Ni kweli zipo, na si za matapeli zote. Chuo cha Georgia Tech cha Marekani kilianzisha uzamili wa sayansi ya kompyuta mtandaoni mwaka 2014, kwa karo isiyofika dola 10,000. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina uzamili wa uhandisi wa umeme ambao haukuombi hata transkripti: unalipia kozi chache za mwanzo, ukizipita kwa wastani wa B umeingia. Mtu aliyeteleza mwaka wa pili chuoni anajua maana ya mlango kama huo.

Lakini leo tunataka kuzungumza nawe kuhusu jambo moja linalowakwamisha vijana wetu kabla hata hawajafika kwenye hesabu. Jina.

Hebu toa karatasi zako uziweke mezani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed. KCSE inasema Mohammed. Kitambulisho kinasema Muhamed, tena jina la babu halipo. Cheti cha digrii kimefuata KCSE, pasipoti imefuata kitambulisho. Hapa mtaani sote tunajua ni wewe. Kule chuoni, karani aliye mbali nawe maelfu ya kilomita anaona watu watatu. Atakuandikia barua pepe ya adabu akuombe uthibitisho, wewe uanze kuhangaika wakati zimebaki siku nne dirisha lifungwe.

Kosa hilo wala si lako. Kwa miaka mingi kijana wa kaskazini hakupata kitambulisho mpaka apigwe msasa mbele ya kamati, alete wazee, alete karatasi za babu yake, na jina likaandikwa jinsi aliyeshika kalamu alivyolisikia. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kwamba msasa huo umefutwa. Sawa, alhamdulillah. Lakini tangazo halisahihishi herufi zilizokwisha kuandikwa. Hiyo kazi imebaki kwako.

Basi fanya hivi. Chagua tahajia moja, na kwa maoni yetu iwe ile ya cheti cha digrii, kwa sababu vyeti vya masomo ndivyo vigumu zaidi kubadilisha. Halafu kitambulisho na pasipoti vifuate hiyo. Kama tofauti ni ya herufi tu, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo mara nyingi hutosha kuonyesha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kama jina limebadilika kabisa, mfano dada aliyeolewa akaweka jina la mume kwenye kitambulisho, utahitaji karatasi inayoeleza hivyo, na kubadilisha jina rasmi huenda mpaka kwenye Gazeti la Serikali. Inachukua muda. Usiianze wiki ya mwisho.

Fomu nazo zinauliza jina la ukoo, na sisi tuna jina letu, la baba, la babu. Usibahatishe. Andika kama pasipoti ilivyoandika, na uandike hivyo hivyo kila mahali: kwenye fomu, kwenye mtihani wa Kiingereza, kwenye barua za walimu watakaokupendekeza. Kuhusu huo mtihani, uliza kwanza. Kuna vyuo vinavyokubali barua ya msajili wako kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza, ukaokoa hela nyingi.

Jina hilo hilo litakufuata kwenye mitihani. Mingi husimamiwa kwa kamera: unaonyesha kitambulisho, unazungusha kamera chumba kizima, ndipo karatasi inafunguka. Dada anayevaa niqabu aandike mapema aombe msimamizi wa kike amtambue. Ni ombi la kawaida, usione haya. Na angalia saa. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni mashariki mwa Marekani ni saa saba au saa nane usiku hapa kwetu. Mihadhara mingi hurekodiwa, mitihani si lazima.

Sasa neno ambalo wengine hawatalipenda. Masta haitakufanya mhandisi aliyesajiliwa. Bodi ya Wahandisi, EBK, inaangalia digrii ya kwanza. Kama ile ya kwanza haitambuliki, au ni ya teknolojia inayokupeleka kwenye bodi ya wanateknolojia, KETRB, uzamili wa ng'ambo hauzibi pengo hilo. Nenda EBK kwanza. Na kabla hujatuma senti, uliza CUE na KNQA kama cheti cha chuo hicho, kilichosomwa mtandaoni, kitatambuliwa hapa Kenya. Omba jibu kwa maandishi.

Pesa. Mkopo wa HELB una riba, na tunajua wengi wenu mnaukwepa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana tunapenda programu za kulipia kozi moja moja: unafanya kazi, unalipa moja, unasoma, unapumzika, unalipa nyingine. Pia kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa, unaolipa karo ya uzamili wa vyuo vya Uingereza ukiwa nyumbani kwako, na Wakenya wanaruhusiwa kuomba. Vijana wa Isiolo wanaoomba tunawajua kwa majina. Ni wachache mno.

Kwa wiki hii kazi ni ile bahasha tu. Ifungue, soma jina lako herufi kwa herufi kwenye kila karatasi, na zile zisizolingana ziweke pembeni. Ukikwama kwenye kiapo au kitambulisho, tuandikie inboksi.