Mwarobaini, saratani na ini

Mwarobaini, mti uliozoeleka katika viambo vya Malindi na Kilifi, una kemikali iitwayo nimbolaidi katika majani na maua yake. Maabarani kemikali hiyo huua seli za saratani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa hunasa protini iitwayo RNF114 katika seli za saratani ya matiti. Hata hivyo, kuua seli kwenye kisahani si sawa na kumtibu mgonjwa, na bado nimbolaidi haijawa dawa iliyoidhinishwa ya saratani.

Tena, mwarobaini unaweza kudhuru ini. Ini hupokea na kuvunjavunja sehemu kubwa ya vitu vinavyomezwa, kazi inayohitaji nguvu nyingi. Nguvu hiyo, ATP, hutengenezwa hasa ndani ya mitokondria, vijisehemu vilivyomo katika seli, kwa kuunguza mafuta na sukari. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba mafuta ya mbegu za mwarobaini huumiza mitokondria za ini na kupunguza ATP. Mafuta ya mwili yasipounguzwa hurundikana katika seli za ini, asidi huzidi katika damu, na ubongo huathirika. Mnamo 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti hali hiyo kwa watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini: kutapika, kusinzia, kupumua kwa kasi na degedege.

Mtoto asinyweshwe kamwe mafuta hayo, na mgonjwa wa saratani amweleze daktari wake kila dawa ya miti anayotumia.