Makomredi Kwenye Yoti
Makomredi wangu wa zamani wananitaka Ugiriki Julai: watu wanane, yoti moja ya matanga, wiki nzima. Kea, Kythnos, kisha Mykonos. Wale wale tuliokimbizwa nao na vitoa machozi pale University Way sasa wanabishana nani atalala kebini ya mbele.

Sina neno na starehe. Mtu akichanga pesa zake na akapata viza, aende apunge upepo (na huo wa Julai, meltemi, haubembelezi mtu). Shida yangu ni jina. Grupu ya WhatsApp inaitwa "Makomredi Baharini," na hakuna aliyeuliza kile kisiwa kirefu mkabala na Lavrio, bandari tutakayong'oa nanga, ni kipi.

Ni Makronisos. Kuanzia 1947 serikali ya Ugiriki ilipeleka huko maelfu ya askari na raia wa mrengo wa kushoto. Walipigwa, wakabebeshwa mawe, wakashurutishwa kutia sahihi karatasi ya kukana siasa zao. Mshairi Yannis Ritsos alifungwa hapo. Na sisi, ambao Waingereza walifungia watu wetu wa Mau Mau kisiwani Manda, wakawataka waungame, tupite hapo tukipiga selfi?

Nikaandika: siku ya kwanza tushuke Makronisos. Hakuna baa, ni magofu tu. Nikajibiwa, "Komredi, hii ni holidei bana."

Sawa. Sitoi hata shilingi hadi mbadilishe ratiba, ama mbadilishe jina la grupu.